Kazi ya Mungu na Mgonjwa wa Nyumbani

Liko swali ambalo huwajia watu wa Kanisa mara nyingi, wala halina mahali maalum pa kuulizwa. Halimo katika katekisimo, wala halitolewi katika mitihani ya shule. Nalo ni hili: Kazi ya Mungu ikimwita mtu upande huu, na mgonjwa wa nyumbani mwake akimwita upande ule, aende wapi?

Kama lingekuwa swali la kuchagua kati ya wema na uovu, hata mtoto wa darasa la pili angelijibu. Lakini hili ni la kuchagua kati ya wema na wema. Kuhubiri ni wema, kufundisha ni wema, na kumlisha mgonjwa ni wema. Walakini mtu ana miguu miwili tu, nayo huenda njia moja.

Nimeona haifai kulijibu swali hili kwa maneno matupu. Afadhali tutazame maisha ya mtu mmoja ambaye swali hili lilimfikia mlangoni pake, akalijibu mbele ya watu wote. Mtu huyo ni Robertson McQuilkin wa Marekani.

McQuilkin alizaliwa mwaka 1927. Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Biblia katika mji wa Columbia, jimbo la South Carolina, chuo kilichowafundisha wahubiri na wamisionari. Mwaka 1948 Robertson alimwoa Muriel, wakaahidiana mbele ya Mungu kama wanavyoahidiana Wakristo wote, kwamba watakuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa, mpaka kufa. Mwaka 1956 wakavuka bahari kwenda Japani, wakakaa huko miaka 12 wakihubiri Injili na kuanzisha makanisa. Ndipo mwaka 1968 akaitwa arudi kwao akawe mkuu wa chuo kile alichokiongoza baba yake.

Alikiongoza kwa miaka 22. Akaandika vitabu vilivyosomwa na wengi. Mmoja wapo, uliotoka mwaka 1989, ulikuwa kitabu cha kufundisha mema na mabaya kwa kuifuata Biblia. Muriel naye hakuwa mtu wa kukaa tu. Alikuwa fundi wa kuchora picha, alifundisha, alinena katika mikutano, na alikuwa na kipindi chake katika redio. Watu walipoitazama nyumba ile, waliona watumishi wawili, wala si mmoja.

Yapata mwaka 1978 ikaonekana dalili ndogo. Muriel alisimulia habari fulani, na baada ya dakika chache akaisimulia tena kana kwamba hajaisema. Jambo kama hili hutupata sote, nasi hucheka. Lakini lilirudi tena na tena, na mwaka 1981 waganga wakalitaja kwa jina: ni ugonjwa wa Alzheimer.

Inafaa nieleze kidogo ugonjwa huu, maana hata vijijini kwetu uko, ila hatuujui kwa jina. Umeitwa hivyo kwa ajili ya Alois Alzheimer, mganga wa Ujerumani, aliyeeleza habari zake mwaka 1906. Ubongo wa mgonjwa hufa kidogo kidogo. Kwanza husahau mambo ya jana, wala ya zamani hayasahau. Kisha husahau njia, na majina, na nyuso. Mwisho husahau hata jinsi ya kutafuna chakula. Huchukua miaka mingi, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Huku kwetu mzee akipatwa nao, wengine husema amerogwa, na wengine hunena neno baya kuliko hilo, kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Bibi wa watu anatangatanga usiku kwa kuwa amesahau mlango wa nyumba yake, nao husema, Mbona yuko nje usiku? Wako wazee waliopigwa, hata kuuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Mtu aliyesoma habari za ugonjwa huu hana udhuru tena wa kunyamaza anaposikia maneno hayo.

Basi kazi za Muriel zikamtoka moja baada ya moja: redio, mikutano, kalamu, brashi. Mumewe akaendelea na kazi yake ya chuo, na nyumbani akawekwa mtu wa kukaa na mgonjwa mchana. Miaka kadhaa ikapita hivyo. Wala McQuilkin hakulificha jambo hili. Mapema aliwaambia wakubwa wa baraza la chuo wajiandae kutafuta mtu wa kushika mahali pake, kwa kuwa siku Muriel atakapomhitaji muda wote, atampata.

Siku ile ikaja kwa njia isiyotazamiwa. Muriel alipokuwa na mumewe alitulia. Mumewe alipotoka, hofu ilimshika, akaondoka kumtafuta. Toka nyumbani mpaka chuoni ilikuwa nusu maili. Aliitembea njia ile kwenda na kurudi, siku nyingine hata mara kumi, kwa mwendo wa haraka. Jioni moja mumewe alipokuwa akimvua nguo ili alale, aliona miguu yake ina damu.

Hapo ndipo swali letu lilipomkabili kwa nguvu. Rafiki zake, watu wema waliompenda, walimshauri amweke mkewe katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema chuo kinamhitaji. Wanafunzi wengi watakwenda pande zote za dunia. Ya nini kipawa kama kile kizikwe jikoni, katika kumlisha mtu mmoja ambaye hivi karibuni hatamjua hata yeye ni nani? Lakini mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 62, kabla ya wakati wake wa kustaafu, McQuilkin alisimama mbele ya watu wa chuo akawaambia kwamba anaacha kazi. Alieleza kuwa shauri lile kwa namna fulani lilikwisha kukatwa miaka 42 iliyotangulia, siku ya arusi yake. Tena alisema Muriel amemtunza miaka ile yote, hata yeye akimtunza miaka 40 mingine, deni halitakwisha. Na zaidi ya hayo, hakuona kuwa ni mzigo wa kulazimishwa. Aliona amepewa nafasi ya kumtunza mtu ampendaye.

Akamtunza miaka 13. Akamwogesha, akamvika, akamlisha. Mwaka 1995, baada ya miezi ambayo Muriel hakutamka neno, asubuhi moja alifungua kinywa akamwita mumewe kwa neno moja la mapenzi, akalirudia mara tatu. Mwaka 2003 Muriel akafa. McQuilkin naye akafa mwaka 2016.

Hizo ndizo habari zake. Sasa tuyapime, maana si kila tendo linalotutoa machozi ni tendo la haki.

Kwanza, yuko mtu atakayesema: Je, Bwana wetu hakusema katika Luka 14 kwamba mtu asiyemchukia baba na mama na mke hawezi kuwa mwanafunzi wake? Kwa hiyo McQuilkin amemweka mke mbele ya Mungu. Neno hili ni zito, wala halifai kurukwa. Lakini tuangalie kosa lililojificha ndani ya hoja hiyo. Msemaji amechukua Mungu na chuo akavifanya kitu kimoja. Chuo si Mungu. Usharika si Mungu, wala shule, wala kwaya, wala baraza la wazee. Hizi ni kazi ambazo Mungu hutupa, na kumtunza mgonjwa nako ni kazi ambayo Mungu hutupa. McQuilkin hakuambiwa achague kati ya Bwana na Muriel. Aliambiwa achague kati ya utumishi na utumishi. Mmoja ulikuwa na kiti cha heshima na watu wa kuusifu. Wa pili ulikuwa na beseni na kitambaa.

Na tukitaka neno la Bwana mwenyewe juu ya jambo hili, tulisome katika Marko 7. Walikuwako watu waliowaambia wazazi wao kwamba mali ambayo ingewasaidia imekuwa korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, basi wazazi wakakosa msaada. Yesu hakuwasifu kwa ucha Mungu wao. Aliwaambia kwamba wanaitangua amri ya Mungu kwa desturi zao. Ndugu zangu, siku hizi korbani si fedha tu. Wakati wetu nao waweza kuwa korbani. Mtu asemapo, Siwezi kukaa na mama mgonjwa kwa kuwa nina mkutano wa kanisa, na kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa vivyo hivyo, asijidanganye kwamba malaika wanaandika sadaka yake. Kuhani aliyempita mtu aliyejeruhiwa katika njia ya Yeriko, yamkini naye alikuwa na sababu ya kikuhani.

Pili, tuulize hivi: katika kazi hizi mbili, ni ipi ambayo mwingine aweza kuishika badala yangu? Naona swali hili ni kama ufunguo. McQuilkin alipotoka, chuo kilipata mkuu mwingine, nacho kingali kinafundisha. Toka mwaka 1994 kinaitwa Columbia International University. Lakini Muriel hangeweza kutafutiwa mume mwingine. Mtu wa kumlisha angepatikana, wa kumwogesha angepatikana. Ila yule ambaye akionekana mlangoni hofu humtoka mgonjwa, hakuwa mwingine ila mmoja. Sisi watu wa vyeo hupenda kudhani kwamba kazi zetu zitaanguka tukiondoka. Mara nyingi hazianguki. Na pengine ndiyo maana hatutaki kuondoka, tusije tukaliona jambo hilo kwa macho yetu.

Tatu, yuko atakayeuliza: Ahadi yaweza kudumu, ikiwa yule aliyeahidiwa hajui tena kwamba aliahidiwa? Muriel hakukumbuka arusi yake. Kama angepelekwa mahali pengine, asingeweza kumshitaki mumewe kwamba amevunja neno. Hapa naona ndipo tunapopata kujua ahadi ni kitu gani. Wahenga wetu walisema, ahadi ni deni. Deni halifutiki kwa sababu mwenye kudai amesahau. Mwenye kudaiwa anakumbuka, basi inatosha. Tena, mtu haahidi kwa ajili ya siku za raha. Siku za raha hazihitaji ahadi, kwa maana kila mtu hukaa kwa hiari yake palipo na raha. Maneno yale ya arusini, ya afya na ugonjwa, yaliwekwa kwa ajili ya siku ile ambayo mwenzako hana tena kitu cha kukulipa, hata shukrani. Mtu akiyafuta siku hiyo, amefuta ahadi yote, maana siku nyingine haikuwa na kazi.

Nne, liko jambo ambalo ni lazima tuliseme, ijapokuwa latuuma sisi wanaume. McQuilkin alipoacha kazi, habari zake zilienea mbali, zikatangazwa katika redio, watu wakazilia. Yeye mwenyewe alistaajabu, akauliza kwa nini. Mganga mmoja wa saratani, mtu aliyezoea kukaa na wanaokufa, alimweleza: karibu wanawake wote husimama na waume zao wagonjwa, lakini wanaume wanaosimama na wake zao ni wachache. Na siku moja hapo nyuma, walipokuwa wakingoja ndege katika mji wa Atlanta, Muriel aliinuka kila mara kutafuta kitu asichokijua, naye mumewe akamfuata, akimjibu maswali yale yale kwa upole. Mwanamke mgeni aliyekuwa ameketi karibu nao akifanya kazi yake aliwatazama, akajiuliza kwa sauti kama yeye atapata siku moja mtu wa kumpenda namna ile.

Tulifikiri neno hili. Katika kila kijiji chetu yuko mwanamke aliyeacha biashara yake, au shamba lake, au masomo yake, akaketi miaka mitano kando ya kitanda cha mume aliyepooza au mkwewe aliyepofuka. Nani ameandika habari zake? Hata mhubiri hamtaji Jumapili. Twasema ni wajibu wake, basi yamekwisha. Lakini mwanamume mmoja akifanya hivyo, dunia nzima inastaajabu. Simwondolei McQuilkin sifa yake, maana alistahili. Nasema tu kwamba kama tendo lile ni kubwa kwa mwanamume, ni kubwa vile vile kwa mwanamke. Na kama ni wajibu kwa mwanamke, ni wajibu vile vile kwa mwanamume. Mizani ya Mungu ni moja.

Tano, nasikia mtu wa kijijini akisema: Hayo ni maneno ya watu wenye akiba. Mwalimu mwenye watoto watano akiacha mshahara wake, nani atanunua unga, na nani atanunua dawa ya huyo mgonjwa? Maneno haya ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba McQuilkin mwenyewe hakuacha kazi siku aliposikia jina la ugonjwa. Toka mwaka 1981 hata mwaka 1990 alifanya kazi, huku akitafuta msaada wa nyumbani. Kipimo chake hakikuwa kalenda, kilikuwa hali ya mgonjwa: alimtazama, na miguu yenye damu ilimwambia kwamba mpango ule haufai tena. Basi fundisho la maisha yake si kwamba kila mtu aache kazi. Ni kwamba kazi isitufumbe macho tusiitazame miguu ya mgonjwa.

Mwingine atapunguza safari zake. Mwingine atakiacha cheo cha uzee wa kanisa, lakini atashika jembe, kwa kuwa jembe linalisha nyumba na cheo hakilishi. Mwingine atalazimika kumpeleka mgonjwa wake hospitali, au kwa ndugu wenye nafasi, kwa kuwa huko atakuwa salama zaidi. Huyo naye tusimhukumu, madhali anakwenda kumwona na kumshika mkono. Mtume alimwambia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Hakusema kwamba wote watawatunza kwa njia moja.

Na hapa Kanisa zima lina sehemu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu akisema, Nimeuacha uongozi wa kwaya kwa ajili ya mke wangu mgonjwa, tusimwite mlegevu, wala tusinong'one kwamba amepoa katika imani. Tumwone kama mtu aliyehamishwa kituo. Tena kituo chake kipya ni kigumu kuliko cha kwanza, kwa maana hakina Jumapili ya kupumzika. Tunawatuma wainjilisti wawili wawili. Mbona anayemtunza mgonjwa tunamwacha peke yake?

Nirudie sasa swali la kwanza. Kazi ya Mungu ikimwita mtu upande huu, na mgonjwa akimwita upande ule, aende wapi? Jibu langu ni hili: aende pale ambapo hakuna mwingine awezaye kusimama badala yake, wala asidhani kwamba amemwacha Mungu kule alikotoka. McQuilkin alifundisha wanafunzi wengi kwa maneno na kwa vitabu. Lakini wengi wetu tusingalijua jina lake, kama asingaliondoka kitini na kwenda nyumbani.

Kabla ya Jumapili ijayo, kila msomaji na aihesabu mitaa ya usharika wake, aitafute nyumba moja yenye mgonjwa wa siku nyingi na mtunzaji aliyechoka. Aende huko, akakae na mgonjwa kwa muda wa saa tatu tu, ili yule mwingine apate kulala. Akiisha kufanya hivyo, atakuwa ameelewa habari hii kuliko nilivyoweza kuiandika.